Uluguru: Mlima Ushikao Maji na Mlima Uteremkao

Msafiri atokaye Dar es Salaam kwenda bara kwa barabara, akisha kupita Chalinze, huanza kuona mbele yake, upande wa kushoto, kitu kama wingu la buluu lisilosogea. Akikaribia hutambua kwamba si wingu, bali ni milima ya Uluguru, na mji wa Morogoro umelala miguuni pake. Mji wenyewe uko mita kama 500 tu juu ya bahari. Lakini kilele cha Lupanga, kinachoonekana waziwazi kutoka mjini, kimepita mita 2,100, na kile cha Kimhandu, kilichoko kusini zaidi, kimepita mita 2,600. Yaani mtu anayechagua nyanya sokoni Morogoro huwa amesimama chini ya ukuta wa ardhi wenye kimo cha zaidi ya kilomita moja na nusu.

Wengi wamekwisha kuusifu uzuri wa ukuta huo, nasi hatutawapinga. Lakini makala hii yataka kumpandisha msomaji mlimani kwa ajili ya jambo jingine, ambalo kila nyumba yenye babu, shangazi au shamba kule juu yapaswa kulijua: kwamba mlima huu, unaotupa maji na chakula, mara nyingine huteremka wenyewe. Tena hauteremki bila ya sababu, wala aghalabu hauteremki bila ya kutoa habari kwanza.

Neema ya maji

Upepo wa Bahari ya Hindi huleta unyevu mpaka bara, ukagonga milima hii, ukapanda, ukapoa, ukawa mvua. Ndiyo maana pande za juu za mashariki, juu ya Kinole na Matombo, hupata mvua ya zaidi ya milimita 2,000 kwa mwaka, na karibu kila mwezi hunyesha. Hali mjini Morogoro mvua haifiki nusu ya hiyo. Maji hayo huingia katika msitu, hushikwa na majani, na kuvu, na mizizi, kisha hutolewa kidogo kidogo katika vijito vinavyoungana kuwa mto Ruvu. Ndugu zetu wa Dar es Salaam wafunguao bomba alfajiri kutia udhu, sehemu kubwa ya maji yao yametoka huku.

Basi kazi ya mlima si kutoa maji tu. Kazi yake kubwa ni kuyashika. Mlima usioshika maji huyatoa yote siku moja, na siku hiyo maji huwa si neema tena.

Watu wa Morogoro walilijua jambo hilo zamani. Katika karne ya 19 Kisabengo, mkuu wa Kizigua, alijenga mji wake hapa karibu na mto Ngerengere, akauzungushia ukuta wa mawe wenye minara. Baada yake ukatawaliwa na binti yake, na wasafiri wakauita Simbamwene. Henry Stanley alipopita mwaka 1871 alistaajabu kuukuta mji imara namna ile bara. Mwaka uliofuata akarudi njia ile ile, wakati wa mvua kubwa za mwaka 1872, mwaka wa ile tufani iliyoivunja Unguja mwezi wa Aprili. Akakuta mto umeuchukua ukuta wote wa mbele na nyumba kama 50 pamoja nao. Ukuta uliojengwa kuwazuia maadui haukuweza kuyazuia maji ya mlimani.

Njia ya Mgeta

Atakaye kuuona mlima unavyoteremka na aelekee Mgeta, upande wa magharibi. Hutoka mjini kwa barabara ya Iringa, hukata kushoto kwenda Mzumbe, hupita Mlali, na hapo gari huanza kupanda kwa mizunguko. Joto la Morogoro hubaki nyuma. Hata afikapo Langali na Nyandira, msafiri hutafuta koti. Huko huota kabichi, karoti, njegere, viazi mviringo, matunda damu na mapichi. Na siku ya soko Nyandira mizigo hupakiwa kwenda Morogoro na Dar es Salaam. Mboga nyingi zilizo mezani petu mjini zimetoka katika miteremko hii.

Na hiyo miteremko ndiyo ya kuitazama. Shamba limesimama kama paa la msonge. Mkulima wa hapa hulima akiwa ameegemea mlima, na kina mama hupanda na kushuka wakiwa na mizigo kichwani penye njia ambazo mtu wa pwani angezipita kwa mikono na magoti. Hawakuchagua ukali huo kwa ujinga. Ardhi yenye rutuba na mvua ndiyo hiyo hiyo, na watu wameongezeka, na tambarare chini ni kavu, tena zina wenyewe.

Tarehe 23 Februari 1970 ilinyesha hapa Mgeta mvua ya kama milimita 100 kwa muda wa saa tatu hivi. Mvua hiyo moja ilifungua maporomoko zaidi ya 1,000 katika eneo la kilomita za mraba kama 75. Milima iliyokuwa ya kijani asubuhi ilionekana jioni imechanwa mistari myekundu, kama mnyama aliyeparuzwa na makucha. Mashamba yalikwenda mitoni, na barabara ikakatika.

Bahati njema maporomoko yale yalichunguzwa na wataalamu. Mmoja ni Paul Temple, mwalimu wa jiografia katika Chuo Kikuu cha Dar es Salaam. Wa pili ni Anders Rapp wa Chuo Kikuu cha Uppsala, Sweden. Waliyoyaona waliyachapisha mwaka 1972, na mpaka leo hurejewa na wanaochunguza milima ya Afrika Mashariki. Huyu Rapp ana kisa cha kumpendeza msomaji. Kabla ya kuja kwetu alikuwa amefanya kazi kwa miaka mingi katika bonde la Kärkevagge, kaskazini kabisa mwa Sweden, akipima namna mawe, udongo na theluji vinavyoteremka mlimani. Habari za kazi hiyo alizitoa mwaka 1960. Basi mtu aliyezoea maporomoko ya theluji ndiye aliyekuja kuyasoma maporomoko ya udongo wa Waluguru.

Theluji na udongo

Huenda msomaji akauliza: Kuna udugu gani kati ya theluji ya Ulaya na udongo wa Mgeta? Upo, na ukiufahamu utaifahamu hatari yenyewe.

Theluji ni maji yaliyoganda angani, yaangukayo mepesi kama pamba. Milimani Ulaya hulala tabaka juu ya tabaka majira yote ya baridi. Ikitokea tabaka moja la ndani likawa dhaifu, kisha juu yake ikaanguka theluji nyingi kwa siku chache, uzito huzidi, tabaka la juu hukatika kama kipande cha ubao, na kuteremka kwa kasi kuliko gari. Aghalabu hutokea penye mteremko wa nyuzi 30 hadi 45. Nyuzi 45 ni pale ambapo mtu akisogea mbele hatua moja huwa amepanda kimo cha hatua moja. Mteremko uliolala zaidi theluji hutulia. Uliosimama zaidi haipati nafasi ya kurundikana.

Udongo wa Mgeta nao ni kama shuka iliyotandikwa juu ya kitanda cha mwamba. Mvua ndogo huingia, ikatoka taratibu. Mvua kubwa ya ghafula huingia upesi kuliko inavyotoka. Maji hujaa kati ya chembe za udongo, yakazisukuma zisishikane, na papo hapo yakauongezea udongo uzito. Ikiwa mteremko ni mkali, shuka huteleza. Maporomoko mengi ya mwaka 1970 yalianza hivyo: vipande vya kina cha mita moja au moja na nusu hivi, vikageuka uji wa matope na kukimbilia bondeni.

Udugu huo una hata tarehe yake. Tarehe 23 Februari 1999, siku na mwezi ule ule wa Mgeta, theluji iliteremka juu ya kijiji cha Galtür huko Austria, ikaua watu 31. Watu wa huko si maskini, wala hawakukosa elimu ya theluji. Lakini kipimo cha mwaka ule kilipita walichokizoea.

Walakini iko tofauti moja ya kuhuzunisha. Theluji ikiteremka mwaka huu, mwakani itanyesha nyingine. Udongo ukiteremka, mwenye shamba hatauona umerudi, wala mwanawe, wala mjukuu wake.

Kilichoshika na kisichoshika

Katika yote waliyoyaona wachunguzi wale, moja lapita mengine. Maporomoko zaidi ya elfu moja hayakuchagua mahali ovyo. Karibu yote yalianza katika mashamba, na katika majani na ardhi iliyopumzishwa. Yaliyoanza penye miti hayakufika hata moja katika kila mia. Mvua ilikuwa ile ile, na milima ni ile ile. Kilichotofautiana ni mizizi. Mzizi wa hindi au wa njegere hauvuki kina ambacho udongo hukatikia. Mzizi wa mti hushuka ukaupita, ukaishona shuka na kitanda chake.

Wenzetu wa milima ya theluji walilijua hili kwa uchungu. Huko Andermatt, Uswisi, wanakijiji walikubaliana kwa maandishi tangu mwaka 1397 kwamba msitu mdogo ulioko juu ya nyumba zao usiguswe na mtu yeyote, maana ndio ukuta wao. Waluguru nao walikuwa na misitu midogo ya koo ambayo haikukatwa, kwa heshima ya wazee waliozikwa humo. Na misitu ya vileleni ilitengwa na Serikali tangu zamani za Wadachi, ambayo leo ni Hifadhi ya Mazingira Asilia ya Uluguru. Sababu zilikuwa mbalimbali, lakini penye msitu mlima ulisimama.

Mtu asiende mbio akasema: Basi wakulima waamrishwe tu. Hilo lilikwisha jaribiwa. Mwanzoni mwa miaka ya 1950 Serikali ya Kiingereza iliona udongo unavyokwenda mtoni, ikaanzisha mpango mkubwa wa matumizi ya ardhi Uluguru. Watu wakatakiwa kuchimba matuta ya ngazi katika mashamba yao, na asiyechimba akatozwa faini. Hofu ya Serikali juu ya udongo ilikuwa ya haki. Lakini kazi ilikuwa nzito mno, na mara nyingi matuta yalifukua udongo mbovu wa chini na kuufunika ule mzuri, hata mavuno yakapungua. Tena ardhi ya Uluguru ni ya koo, nazo hufuata upande wa mama. Aliyeazimwa shamba hakujua atachimba kwa faida ya nani, na mwenye ardhi aliogopa kwamba mchimbaji atadai kuwa ni lake. Mwaka 1955 kukawa na ghasia upande wa Matombo, polisi wakapiga risasi, mtu mmoja akafa, na mpango ukavunjika. Kwa muda mrefu baadaye neno tuta lilikuwa neno la uchungu katika milima hii.

Linganisha na lililofanyika nusu karne baadaye. Mwishoni mwa miaka ya 2000, katika vijiji vya Kibungo, wakulima walialikwa kupanda miti, kuchimba matuta na kuuacha msitu, na kwa kazi hiyo wakalipwa fedha zilizotolewa na wanaotumia maji ya Ruvu huko Dar es Salaam. Fedha hazikuwa nyingi, wala mpango haukuenea mlima mzima. Ila maana yake ilikuwa ya insafu: anayekunywa maji amsaidie anayeyalinda. Jembe ni lile lile, na tuta ni lile lile. Kilichobadilika ni kwamba mtu aliulizwa kwanza.

Dalili za kuzitazama

Isidhaniwe kwamba haya ni mambo ya Mgeta peke yake, au ya mwaka 1970 peke yake. Tarehe 1 Machi 2010 mlima Elgon, upande wa Uganda, ulikifunika kijiji cha Nametsi huko Bududa. Na tarehe 3 Desemba 2023 sehemu ya mlima Hanang ilimeguka kwa mvua, matope na mawe yakafuata mkondo wa kijito mpaka mjini Katesh, yakaua watu zaidi ya 80. Wengi wa waliokufa Katesh hawakuwa wakiishi mlimani. Walikuwa chini, penye tambarare, karibu na soko, mahali ambapo mtu hudhani amekwisha salimika.

Kwa hiyo yaipasa kila nyumba, ya juu na ya chini, izijue dalili hizi, na watoto wafundishwe kama wanavyofundishwa njia ya kwenda madrasa.

Tazama ardhi juu ya nyumba. Ukiona ufa mpya uliokatiza mteremko kama mdomo uliofunguka, hapo shuka imeanza kukatika. Ukiona miti au nguzo zilizokuwa wima zimeinama, ardhi yasogea chini yake. Mlango au dirisha lililokuwa likifunga vema likianza kukwama bila sababu, huenda nyumba yenyewe imesogea.

Tazama maji. Chemchemi mpya ikitokea mahali pasipokuwa na maji, au kijito kikibadilika ghafula kuwa matope mazito, ni habari. Na hatari kupita zote ni kijito kupungua ghafula hali mvua yanyesha. Wasiojua hufurahi na kuvuka. Anayejua hukimbia, maana huenda yameziba huko juu, na kizuizi kitakapovunjika yatakuja yote pamoja.

Sikiliza. Mngurumo usio wa radi, sauti ya mawe kugongana au miti kuvunjika, si ya kutoka nje kuitazama.

Ikifika hapo, usikimbie kufuata bonde kuelekea chini, kwa kuwa matope hufuata njia hiyo hiyo, nayo yana mbio kuliko wewe. Kimbia kwa upande, utoke katika njia yake, upande penye mgongo wa kilima. Chukua watu, uache vyombo. Na likisha kupita poromoko la kwanza, usirudi upesi kutafuta mali, kwa maana la pili hufuata mara nyingi.

Kabla ya siku hiyo yako ya kufanya. Usijenge penye mdomo wa korongo, hata kama ni tambarare na ni rahisi kupata maji. Usikate ukingo wima nyuma ya nyumba ili upate kiwanja kipana; huo ni kuuondolea mlima mguu wake. Maji ya paa na ya mfereji yapewe njia yake, yasiachwe yasimame juu ya genge, maana yakinywewa yote na mteremko mkali yatauongezea uzito. Migomba ni chakula kizuri, lakini mizizi yake ni mifupi. Usiitegemee kuushika mlima. Panda miti yenye mizizi mirefu juu ya nyumba na kando ya makorongo, na iliyokwisha kuwako iache.

Wako watakaosema: Mauti ni kadari, na lililoandikwa halifutiki. Ni kweli, nasi twaamini hivyo. Lakini Muislamu afungaye mlango wake usiku hajamtilia Mola wake shaka, na mama amwondoaye mtoto karibu na moto hakatai kadari. Mwenyezi Mungu ametupa macho ya kuona ufa, na masikio ya kusikia mngurumo, na akili ya kujua kwamba hapa mti ulishika na pale haukushika. Kuviacha vipawa hivyo bila kuvitumia, kisha kusema yaliyotokea yameandikwa, si tawakuli. Ni uvivu uliovaa joho la tawakuli. Na nafsi za watoto waliolala ndani ni amana mikononi mwa wazee wa nyumba.

Basi enyi vijana mlioko Dar es Salaam, Tanga na Unguja, ambao wazee wenu wako Uluguru, au Upare, au Usambara: masika yanapokaribia, mnapopiga simu kuwaamkia, ulizeni na habari za mlima. Ulizeni kama kuna ufa mpya, kama kijito ni cheupe au chekundu, kama ule mti mkubwa juu ya nyumba ungalipo. Na mtakapokwenda kuwatembelea, zungukeni nyumba pamoja nao, mtazame juu. Mkiona pana shaka, usiku wa mvua kubwa wazee wakalale kwa jirani aliye mgongoni mwa kilima. Jirani mwema hatawakataa, na usiku mmoja wa kubanana katika chumba cha watu si kitu mbele ya salama ya nyumba nzima.